Nasaba ya Safari

Kuna watu wa Garissa ambao mpaka leo wakiniona sokoni huambiana kwamba huyu ndiye dada aliyemfungia ndugu yake mlango wa Aden. Siwakatizi. Mlango ulikuwepo, ulikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeufunga. Lakini wanaolisimulia jambo hilo hupenda kuanzia mwisho, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo.

Mwanzo ni maziwa. Baba yangu alikausha ngozi za mbuzi na kuziuza mjini. Kila alfajiri baada ya swala, mama akikamua, baba alitukalisha mbele ya kibuyu na kututaka tutaje nasaba: jina lako, la baba, la babu, la baba yake babu, hivyo hivyo kurudi nyuma hadi babu wa ishirini na mbili. Kwetu Wasomali mtoto hufundishwa majina hayo kabla hajajifunza kufunga kamba ya ndoo. Ukikwama, unaanza upya, na maziwa ya kwanza, yale yenye povu, anapewa mwenzako. Ziko nyumba ambazo wasichana hawakusumbuliwa na kazi hiyo. Mama alimwambia baba hivyo siku moja, naye akasema, "Povu ni povu. Anywe anayejua." Basi nilikunywa sana.

Majina hayo hayakuwa pambo. Ukikutana na mtu usiyemjua njia ya Habaswein, hamuulizani mnatoka wapi. Mnatajiana mababu mpaka mkutane kwa mmoja, na hapo ndipo unapojua kama utapewa maji au utatazamwa tu. Mtu akiuawa, nasaba ndiyo inayosema nani atamdai muuaji. Msichana akiposwa, nasaba ndiyo inayosema kama inafaa.

Baba alinipeleka shule ili nimsomee mizani, kwa sababu wanunuzi wa ngozi walikuwa wakimsomea wao. Nilifika darasa la tano. Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, baba alishikwa na homa siku nne, ya tano tukamzika. Nikaacha shule, nikashika kazi ya kusuka mikeka ya mikoma pamoja na mama. Wakati huo huo vita vikaanza. Watu wetu wengi walitaka nchi yetu iunganishwe na Somalia, serikali mpya ikakataa, vijana wakaingia msituni. Serikali ikawaita shifta, yaani majambazi wa nyikani. Haikuchukua muda tukaitwa shifta sote, pamoja na mbuzi wetu.

Katika mwaka wa tatu wa vita tulihamishiwa kijiji cha uzio, nje kidogo ya mji. Tulivunja vibanda vyetu vya miti na mikeka, tukavipakia juu ya ngamia, tukavijenga upya vimebanana ndani ya miiba na seng'enge. Mvua ya kwanza ilipotukuta humo, watu wakaanza kuhara. Mama alikufa katika juma la pili la mvua hiyo. Tukabaki watatu: mimi nikiwa na miaka kumi na saba, ndugu yangu kumi na mitatu, na mdogo wetu wa kike mitano.

Kila asubuhi karani alisimama getini na daftari, askari wakiwa nyuma yake, akasoma kila mtu kwa majina matatu, lake, la baba na la babu. Aliyesomwa aliitika, "Niko." Asipoitika, familia yake iliulizwa yuko wapi. Jibu lisiporidhisha, mbuzi wao hawakutoka kwenda malishoni, na mkubwa wa nyumba alichukuliwa kuhojiwa. Katika nyumba yetu mkubwa nilikuwa mimi. Kwa hiyo niliyasikiliza majina yetu kuliko wengine walivyosikiliza ya kwao, na ndugu yangu akichelewa kuitika nilimpiga kiwiko.

Alichelewa kwa sababu alikuwa akisoma. Alikuwa na kitabu cha historia cha shule kisicho na jalada, na alikuwa amekisoma hata yale maandishi madogo ya ukurasa wa kwanza. Habari za upande wetu zilianza ukurasa wa arobaini na moja, pale wageni walipofika na wapagazi wao na kukuta, kwa maneno ya kitabu, nyika kavu na wachungaji. Alimuuliza mwalimu kulikuwa na nini kabla ya ukurasa ule. Mwalimu, mtu wa bara aliyekuwa mwema kwa mambo mengine, alimjibu, "Kulikuwa na ngamia." Darasa likacheka. Ndugu yangu alirudi nyumbani akachukua makaa na kuandika pembeni mwa ukurasa wa arobaini: *Na nani aliwanywesha?*

Swali hilo alilipeleka kwenye foleni ya maji. Tulipanga madumu tangu jua halijawa kali, na katika foleni kulikuwa na bibi mmoja wa Buna, mkali wa ulimi, aliyekuja kumtembelea bintiye akakutwa na uzio.

"Bibi, visima vya kwenu nani alivichimba?"

"Kwani wewe unanunua?"

"Nauliza tu."

"Watu warefu. Walikuja kabla yetu. Walitoboa mwamba kama mimi ninavyotoboa mkate. Walikuwa wakichota kwa mkono, bila kamba. Sogeza dumu lako, mtu anakupita."

"Walikwenda wapi?"

"Walihama."

"Majina yao?"

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Majina yao hayajulikani. Tunakunywa maji yao na hatuna wa kumshukuru. Umeridhika? Wewe dada yake, huyu mtoto mpeni kazi."

Mtu aliyekuwa amempimia kazi tayari alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Habaswein, aliyehamishiwa kijijini kama sisi, isipokuwa yeye alikuwa na karatasi. Tulikutana naye kwa babu wa kumi na moja, kwa hiyo nilimwita adeer, kama tunavyomwita mwanamume yeyote wa upande wa baba. Kabla mambo hayajaharibika alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kuhiji, na kwa namna aliyoijua mwenyewe ruhusa hiyo ilikuwa imetoka: yeye, mkewe na mwanawe, kwa lori hadi Mombasa, kwa meli hadi Aden alikokuwa na ndugu mwenye duka, kisha Makka. Mwanawe angebaki Aden kusoma.

Mwanawe lakini hakuwepo. Alikuwa amevuka mpaka upande wa Hulugho kujiunga na wapiganaji. Sote tulijua, hakuna aliyesema. Kwa majuma mawili karani alikuwa akiambiwa kwamba kijana amelala kibandani, ana homa.

Adeer alinijia nikisuka, akakaa juu ya dumu.

"Mwanangu, ndugu yako ana akili. Itaozea kwenye foleni ya maji."

"Najua, adeer."

"Mimi nina nafasi kwenye karatasi. Ina jina, haina mtu. Wewe una mtu, huna karatasi."

Nilikuwa nimeelewa tayari, na kamba za mkoma zilinitoka vidoleni.

"Atakwenda kama mwanangu. Atasoma. Atakula. Hakuna atakayemsomea jina getini tena."

"Na hapa, karani akilisoma jina lake?"

"Sema amekufa. Homa. Mvua hii nani hajafiwa? Watapiga mstari, wamalize."

"Mkalimani wa ofisi ya pasi ni mtu wetu. Atamtaka nasaba."

"Ndiyo sababu nimekuja mapema. Tunakutana kwa wa kumi na moja. Ni majina kumi tu ya kubadilisha. Mtoto kama huyu atayameza kwa siku mbili."

Nataka ieleweke kwamba nilikubali. Wanaosema nilikuwa mkaidi tangu mwanzo wananipa sifa nisiyostahili. Nilikubali kabla hajainuka kwenye dumu. Askari walikuwa wamewachukua watu wawili juma lile, na mmoja wao alirudi hawezi kukunja vidole. Mtu akikwambia katika hali hiyo kwamba ndugu yako anaweza kutoka, hukai ukawaza babu wa tatu.

Ndugu yangu nilipomweleza aliruka akagonga kichwa kwenye mti wa kibanda.

"Aden kuna vitabu, abaayo," alisema. Abaayo ni dada. "Kuna watu walioandika habari zetu kabla ya hawa. Nitawatafuta wale watu warefu."

"Kwanza utafute majina kumi."

Tukarudisha desturi ya baba. Tangu mama afe nilikuwa nimeiacha. Na foleni na hesabu ya getini, nani angekuwa na muda? Sasa kila alfajiri nilimkamua mbuzi wetu mmoja aliyesalia na maziwa, nikamkalisha ndugu yangu mbele ya kibuyu, naye akataja: jina la mtoto wa adeer, jina la adeer, la baba yake adeer, kuendelea. Akikwama alianza upya. Siku ya pili hakukwama. Niliendelea kumsomesha hata hivyo, kwa sababu nilitaka azungumze usingizini bila kukosea. Alipofika babu wa kumi na moja uso wake ulilegea, kama mtu aliyevuka mto akafika upande anaoujua, na kuanzia hapo alikimbia.

Asubuhi ya saba, ndugu yangu alipomaliza na kunyoosha mkono, mdogo wetu alimsukuma.

"Mimi pia!"

Nilikuwa nimemsahau. Alikuwa akikaa nyuma yangu kila siku na shuka kichwani, nikidhani anasinzia. Alikaa mbele ya kibuyu, akakunja miguu kama tulivyokuwa tukikunja sisi, akataja jina lake. Kisha akataja jina la adeer. Kisha la baba yake adeer, na babu yake, na kuendelea, kwa ile sauti ya kuimba ambayo watoto wote huitumia, mpaka wa kumi, mpaka wa kumi na moja, na zaidi. Hakukwama hata mahali pamoja. Akanyoosha mkono.

Ndugu yangu alicheka mpaka akaanguka. Mimi pia nilicheka. Kisha mtoto akauliza, "Huyu baba wa kwanza ndiye aliyekufa?"

Alikuwa na miaka mitano. Baba alipokufa alikuwa mgongoni kwa mama. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha mbele ya kibuyu na kumpa majina yake. Mwenye kazi hiyo nilikuwa mimi, na niliiacha, kisha nikairudisha kwa ajili ya uongo, naye akaupokea kama urithi. Nilimpa maziwa. Yalikuwa haki yake, hakuwa amekosea jina hata moja.

Siku nzima sikusuka. Nilikuwa nikimwona yule bibi wa Buna kwenye foleni na kuwaza watu waliotoboa mwamba na wasiwe na mtoto mmoja aliyebaki kusema, huyu alikuwa babu yangu. Niliwaza pia getini: nikisimama pale mbele ya karani na kusema kwa kinywa changu kwamba ndugu yangu amekufa, na karani akapiga mstari. Baba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mstari huo ungepita juu ya wote ishirini na wawili. Na ndugu yangu, siku akirudi, angerudi akiwa mtoto wa mtu mwingine, tena mwenye jina la kijana aliyebeba bunduki. Adeer alikuwa ananisaidia, sikatai. Alikuwa pia anamtafutia mwanawe mahali pa kuonekana amekwenda.

Jua lilipoanza kushuka nilikwenda kwake.

"Adeer, hatakwenda."

Alidhani nataka kitu. Akasema atamnunulia viatu. Nikasema tena hatakwenda. Mkewe akatoa kichwa nje.

"Umerogwa?" alisema mama huyo. "Unamnyima mtoto dunia kwa ajili ya wafu?"

"Wa kwangu yu hai, eeddo," nilisema, nikimwita shangazi kwa heshima. " Nyinyi ndio mnaotaka nimzike."

Adeer alikuwa na hasira za taratibu. Alisubiri mkewe anyamaze. "Nisikilize. Wewe ni msichana. Nasaba haipiti kwako. Watoto wako watataja babu za mume wako. Unachunga kitu kisichokuwa chako."

"Ndiyo, adeer. Kingekuwa changu ningekupa. Cha watu siwezi kukigawa."

"Akipigwa risasi hapa, utamwambia nini baba yako akhera?"

Nilimwambia, "Nitamwambia jina lake," nikaondoka.

Ndugu yangu alikuwa amekwisha kusikia. Katika kijiji cha uzio maneno hufika kabla yako. Alikuwa amekaa na kitabu chake kimefungwa.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nakuuliza sasa. Unataka nikutangaze umekufa?"

"Ningeyabeba yote mawili! Moja mdomoni, moja tumboni. Kwani nani angejua?"

"Huyu," nikamwonyesha mdogo wetu. "Tayari hajui."

"Angefundishwa upya."

"Na nani, wewe ukiwa Aden?"

Alisimama. Alikuwa amenipita kwa urefu mwaka ule. "Unajua wewe ni nani? Askari anatuhesabu getini, na wewe unatuhesabu mbele ya kibuyu. Tofauti yenu ni bunduki."

"Utakwenda," nikamwambia. "Kwa jina lako."

"Nani atanipa pasi kwa jina langu?"

"Nitasimama mpaka waitoe."

Akacheka kicheko kibaya, akageukia ukutani. Hakunisemesha tena isipokuwa kwa mambo ya maji na mbuzi.

Adeer hakupoteza muda. Siku tatu baadaye tulisikia kilio kibandani kwa mjane mmoja wa ukoo wetu, upande wa pili wa kijiji. Mwanawe, mvulana wa makamo ya ndugu yangu, amekufa kwa homa, na amezikwa alfajiri. Getini karani alipiga mstari. Tulikwenda kumpa mjane pole kama inavyopasa. Tulikaa kwenye mkeka wake, wanawake kumi na zaidi, na kila mmoja wetu alijua kwamba kijana yumo nyuma ya magunia kibandani kwa adeer akimeza majina kumi. Mjane alilia machozi ya kweli. Ilipofika kusoma Fatiha nilisita, mikono imelala mapajani. Kumwombea maiti aliye hai ni mzaha kwa Mungu. Kutomwombea ni kumchongea mama yake kwa yeyote anayetazama. Niliinua mikono, nikamwombea safari. Kama nilikosea, kosa hilo nimelibeba mwenyewe, na sitaki mtu anisaidie.

Lori liliondoka na adeer, mkewe na mtoto wao mpya. Tulisikia kwamba walifika Aden. Zaidi ya hapo kila mtu ana habari yake kuhusu yule kijana, nzuri au mbaya kulingana na anavyotaka kunichoma, kwa hiyo nimeacha kuuliza.

Mimi nilikwenda shuleni kwanza. Yule mwalimu wa ngamia aliniandikia barua kwamba ndugu yangu ni wa kwanza darasani na kwamba shule ya bweni ya bara iko tayari kumpokea akiruhusiwa kutoka. Alipoikunja barua alisema, "Mwambie bado natafuta jibu la swali lake." Nikamsamehe yale mengine.

Kisha ofisi. Askari wa getini alinipa ruhusa ya kwenda mjini kuuza mikeka, nami nilipeleka mikeka mlangoni pa ofisi ya pasi nikakaa. Karani wa hapo alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kitamu, akinicheka kwa cha kwangu.

"Binti, mlezi wa huyu mtoto nani?"

"Mimi."

"Nauliza mwanamume."

"Wamekwisha."

"Fomu inasema baba, au mjomba, au chifu."

"Basi andika dada."

"Hakuna nafasi ya dada."

"Kalamu unayo."

Akanifukuza. Kesho yake nilirudi. Alinifukuza tena. Siku ya tatu aliniambia kwamba watu wetu wanaomba pasi za shule na watoto wanaishia msituni. Nilimwambia kwamba ningetaka aende msituni singehitaji kalamu yake. Uzio una matundu. Mkalimani, yule mtu wetu, akakohoa kwa hofu. Siku ya sita karani alinikuta mlangoni kabla hajafungua. Siku ya nane alinunua mkeka, akidhani nitakwenda. Nilimuuzia, nikahamia kwenye sakafu tupu. Siku ya kumi na moja alivuta fomu.

"Jina la mtoto, la baba, la babu."

Nilitaja matatu. Akaandika. Nikataja la nne.

"Basi, fomu ina nafasi tatu."

Nikataja la tano. La sita. Sikupaza sauti. Mkalimani aliweka kalamu yake chini, na nilipofika la kumi na moja nilimwona midomo yake ikitembea pamoja na yangu, maana kuanzia hapo walikuwa wake pia. Karani alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa swala.

"Majina ya watu hawa ni kama msafara wa ngamia," alimwambia mkalimani. "Unadhani umeisha, kumbe mkia bado uko Wajir."

"Umeisha," nilisema, nilipofika wa ishirini na mbili. "Sasa piga muhuri."

Akapiga. Mahali palipoandikwa mlezi alikata neno *baba* kwa mstari, akaandika juu yake *dada*.

Ndugu yangu aliondoka siku ya Jumanne juu ya lori la magunia matupu, na kitabu chake kisicho na jalada. Nilimpa pasi mkononi. Aliisoma mara mbili. Sikutegemea shukrani, na hakunipa. Alisema, "Mbuzi mkamue mapema, anakataa jua likipanda," akapanda. Lori lilipoanza kutembea mdogo wetu alilikimbilia hadi getini akipiga kelele, na askari akamrudisha.

Alisoma. Alijifunza kuchimba visima kwa mashine, akafanya kazi kaskazini miaka mingi, Buna ikiwemo, na wale watu warefu bado anawatafuta. Ng'ambo alikwenda pia, hatimaye, akiwa mtu mzima mwenye mke, kusomea miamba. Barua yake ya kwanza kutoka huko ilikuwa ya mstari mmoja: "Abaayo, hapa fomu ina nafasi mbili tu." Sijui kama alikuwa ananikejeli au amenielewa. Nimeitunza.

Wanaoniambia kwamba angefika mapema zaidi, angefika mbali zaidi, nawajibu ndiyo, huenda. Na angeweza kufa kwenye uzio ule kwa sababu yangu, hilo nalo nalijua kuliko wao, kwa sababu kila asubuhi mpaka alipopanda lori mimi ndiye niliyesikiliza kama ataitika. Niliyaweka rehani maisha ambayo hayakuwa yangu. Lakini mlango ule ulitaka niseme mtu hai amekufa ili apite, na mimi sikusema. Ukiwekwa mbele yangu leo, nitaufunga tena.

Jioni ile lori lilipoondoka nilimkalisha mdogo wetu mbele ya kibuyu, nikaanza naye upya. Ilichukua mwezi mzima. Majina ya baba aliyapokea, lakini yale ya adeer hayakutoka. Yameganda humo mpaka leo, naye ni bibi mwenye wajukuu. Wajukuu wanampenda kwa hilo. Wakimwendea wakati wa kukamua na kumwambia, "Tutajie, bibi," hujifunga shuka vizuri, akakunja miguu, akawauliza kwa uso mkavu kabisa:

"Mnataka ya baba, au ya safari?"

Nao hupiga kelele kwamba wanataka ya safari. Mimi hukaa hapo na kibuyu mapajani, na povu simpi mtu mpaka itajwe ya baba.